NYUMBA YETU NA MATOBOLWA YA BIBI

Mhariri wa gazeti letu alipotangaza ubaoni kwamba kila kidato kitoe habari moja ya kweli, wala si hadithi ya sungura na fisi, wenzangu wa Kidato cha Tatu walinigeukia mimi. Walijua sababu. Nalikataa mara mbili, maana habari yenyewe ni ya nyumbani kwetu, na mambo ya nyumbani hayaanikwi juu ya jabali kama michembe. Lakini nilipomwuliza Bibi yangu, alisema, "Andika, mjukuu wangu. Kama kuna aibu ndani yake, itanipata mimi mzee, nami sasa sina wa kumwonea haya." Basi naandika kwa ruhusa yake na kwa ruhusa ya mama. Baba nilimsomea kwa simu, na alivyonijibu nitaeleza mwishoni.

Ndugu wasomaji, sisi tuko marafiki watatu. Twalala bweni moja, twala meza moja, na kila Jumamosi usafi ukiisha twaketi chini ya mwembe ulio nyuma ya jiko. Kama ilivyo desturi ya mabweni, tumepeana majina ya utani. Wa kwanza twamwita Mpangaji, kwa kuwa yeye na mama yake wamepanga vyumba viwili hapa Bariadi mjini. Wa pili twamwita Mtumishi, kwa kuwa baba yake ni mtumishi wa serikali na wanakaa katika nyumba ya serikali. Mimi walinipa jina la Mwenye Nyumba, nalo lilinipendeza kupita kiasi. Kwetu ni kijijini, katika Wilaya ya Itilima. Tuna nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitano na baraza, paa la bati, na ua wa minyaa umeizunguka. Nilikuwa nikiwaeleza wenzangu habari za nyumba hiyo kama mtu asimuliaye habari za Ulaya.

Siku moja ya Jumamosi, muhula wa kwanza, kaka yangu alikuja kunitazama. Alileta mfuko wa matobolwa kutoka kwa Bibi. Kwa wasomaji wasio wenyeji wa Usukumani, yafaa nieleze kidogo. Viazi vitamu vikichimbwa, huweza kuhifadhiwa kwa njia mbili. Ukivimenya na kuvikata vipande vikiwa vibichi, kisha ukavianika juani mpaka vikauke kabisa, hiyo ni michembe. Ukivichemsha kwanza, kisha ukavikata na kuvianika, hayo ndiyo matobolwa. Michembe hupikwa kwa maji, na mtu akipenda huitia karanga zilizotwangwa. Matobolwa huweza kutafunwa hivyo hivyo, ingawa meno yafanya kazi. Vyote viwili hukaa miezi mingi bila kuharibika, na ndivyo vilivyowaponya wazee wetu katika miezi ile ambayo akiba ya nafaka imepungua na mavuno mapya bado yako shambani.

Basi tuliketi chini ya mwembe tukatafuna. Kaka alikuwa amekwisha kuondoka, lakini kabla ya kwenda aliniambia neno moja la siri. Nalo lilikuwa limenikaa kooni kuliko matobolwa.

Mpangaji ndiye aliyeanza. Alisema, "Sisi twahama tena mwezi ujao. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mara moja, na mama hana."

Tukamwuliza, "Hii itakuwa mara ya ngapi?"

Akahesabu kwa vidole. "Ya sita, tangu nianze darasa la kwanza. Mama husema kwamba mkoa wetu ulipoanzishwa mwaka 2012 na Bariadi kufanywa makao makuu, watu wengi walikuja mjini, na kila mwenye chumba akajua kwamba ana mali. Lakini mama ana desturi yake. Siku ya kuhama, kitu cha kwanza kupakiwa kwenye mkokoteni ni jiko na sufuria. Hata kama kitanda hakijafungwa na taa haijawaka, jioni ile ile apika ugali na dagaa. Husema chumba kisichonuka chakula ni stoo tu. Tukila tu, basi nami naona tumefika."

Mtumishi akacheka, akasema, "Sisi tukihama huletwa lori, na kwenye lori mna ndizi. Mama ni mtu wa Tukuyu, asipokula ndizi za kupika na maharage hulala macho. Tumekaa Songea, tumekaa Maswa, sasa tuko hapa, na kila mahali mama huulizia kwanza sokoni kama ndizi zinafika. Lakini nyinyi hamjui jambo moja. Baba atastaafu baada ya miaka minne. Siku hiyo tutarudisha ufunguo. Nami nikiulizwa kwetu ni wapi, nitasema wapi? Tukuyu nimefika mara mbili tu."

Nikawa kimya. Mpangaji akanisukuma begani, akasema, "Na wewe, Mwenye Nyumba, mbona hujisifu leo? Vyumba vitano vimefanya nini?"

Hapo machozi yakanitoka. Nikawaambia aliyoniambia kaka: kwamba baba amepata mtu wa kuinunua nyumba yetu na shamba lake, na kwamba anataka sote tuhamie Katavi na ng'ombe.

Nisimseme vibaya baba yangu. Ng'ombe wetu walikuwa arobaini, na ukame ulipopita walibaki ishirini na watatu. Malisho yamekwisha. Mahali palipokuwa na nyasi alipochunga yeye alipokuwa mtoto, leo ni mashamba ya pamba na dengu, nasi watoto tuko saba, na shamba halikui. Tangu zamani Wasukuma wengi wenye mifugo wamekwenda kusini na magharibi, Usangu, Kilombero, Rukwa na Katavi, kutafuta nyasi. Baba mdogo alikwisha kutangulia Katavi, mkoa uliozaliwa mwaka mmoja na mkoa wetu, naye alikuwa akipiga simu kusema kwamba huko nyasi zamfika mtu kiunoni. Baba si mlevi wala si mpotevu. Alikuwa akihesabu ng'ombe kila jioni, na kila alipohesabu alikaa muda mrefu asiseme neno.

Mtumishi alisema, "Mimi nimehama mara nne na sikufa. Huenda baba yako aona mbali."

Mpangaji akamjibu kwa ukali, "Wewe umehama kutoka nyumba ya serikali kwenda nyumba ya serikali. Huyu atahama kutoka kwake kwenda wapi? Fedha ya nyumba italiwa barabarani. Mama yangu angekuwa na chumba kimoja chake, asingekiuza hata kwa kuhongwa ng'ombe."

Wakabishana kwa muda. Mwishoni Mtumishi akauliza neno lililotunyamazisha sote. Alisema, "Mama yako amekubali?"

Sikujua. Sikuwa nimemwuliza kaka, kwani haikunijia akilini kwamba mama huulizwa.

Jumatatu, katika kipindi cha Uraia, nilinyosha mkono nikamwuliza mwalimu kama baba mwenye nyumba aweza kuiuza bila mtu mwingine kukubali. Sikusema ni baba wa nani. Mwalimu alituandikia ubaoni. Alisema Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, yakataza mume au mke kuiuza nyumba ya familia, kuitoa zawadi, kuipangisha au kuiweka rehani bila idhini ya mwenzake, maadamu ndoa ipo. Tena alisema kwamba Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji zilitungwa mwaka 1999 zikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, na zimesema haki ya mwanamke kupata ardhi, kuimiliki na kuitumia ni sawa na haki ya mwanamume. Kisha akaweka chaki chini, akasema, "Lakini sikieni, watoto. Sheria ni kama panga la nyumbani. Ni vizuri liwemo, ila anayelichomoa kabla ya kuzungumza hujikata mwenyewe." Nilinakili yote katika daftari, pamoja na neno hilo la mwisho.

Muhula ulipokwisha nilirudi nyumbani. Nilimkuta Bibi uani, ameketi mbele ya jiwe lake la kusagia, anasaga mtama. Nikapiga magoti nikamwamkia, "Mwadila," naye akaitikia bila kuacha kusaga. Mashine ya kusaga iko hapo jirani, mwendo wa dakika tano. Tangu utoto wangu nalikuwa nikimcheka kwa jiwe lile. Safari hii sikucheka. Niliketi nikamwuliza kama amesikia habari ya kuhama.

Akasema, "Nimesikia. Mimi kuhama nakujua kuliko baba yako. Yeye hajahama bado."

Ndipo akanieleza habari ambayo sikuwa nimepata kuisikia, ingawa nimezaliwa katika nyumba ile.

Sisi wanafunzi tumejifunza katika Historia kwamba mwezi wa Novemba 1973 Rais Nyerere alitangaza kuwa kuishi katika vijiji sasa ni amri, na kwamba kazi hiyo iwe imemalizika kabla ya mwaka 1976 kwisha. Hata mwaka 1974 Operesheni Vijiji ikafika katika Mkoa wa Shinyanga, ambao wakati ule ulikuwa pamoja na sehemu kubwa ya Simiyu ya leo. Wasukuma hawakuwa na desturi ya kujenga kwa kubanana. Kila mtu alikuwa na mji wake, nyumba za msonge zilizoezekwa nyasi, ua wa minyaa, ng'ombe katikati, na shamba mlangoni. Sasa wote walitakiwa wakae pamoja, nyumba zikiwa zimepangwa kwa mistari, ili shule, maji na zahanati viweze kuwafikia.

Haya ni mambo ya kitabuni. Bibi aliyaeleza hivi. Alikuwa mke kijana, na shangazi yangu mkubwa alikuwa mgongoni, hajaanza kutembea. Lori lilikuja asubuhi. Vilipakiwa vyungu, ngozi, majembe, kuku na magunia ya mtama. Alipotaka kupakia jiwe lake la kusagia, waliokuwa juu ya lori walikataa, wakasema lori si la kubebea mawe, mawe yako kila mahali. Jiwe lile alipewa na mama yake siku alipoolewa.

Bibi akasema, "Siku tatu tulilala chini ya mti pale tulipoonyeshwa, tukala matobolwa, maana hapakuwa na jiwe wala chungu kizima. Siku ya nne nikamwacha mtoto kwa jirani, nikarudi kwa miguu. Nilikuta msonge wetu umechomwa, wasije watu wakarudi kulala humo. Kila kitu kilikuwa majivu. Lakini jiwe halichomeki. Nikalifagia majivu, nikalitwika kichwani, na kile kijiwe cha juu nikakifunga kiunoni. Nilifika usiku, na usiku ule ule nikasaga. Babu yako alipokula ugali alisema, 'Sasa tumehamia.'"

Nikamwuliza, "Je, Bibi, uliwachukia waliowahamisha?"

Akafikiri kidogo. "Nalichukia moto. Lakini shule aliyosoma baba yako ilijengwa kwa sababu tulikaa pamoja, na wewe usingeandika hayo unayoyaandika kama tungebaki kule. Shamba likawa mbali, kuni zikawa mbali. Ndivyo ilivyokuwa, kheri na shari kwa lori moja. Nisichokubali ni kuhamishwa mara mbili. Bati hizi unazoziona ni pamba yangu na ya babu yako. Maji ya kufyatulia matofali haya nilibeba mimi kwa kichwa."

Jioni ile nilimwendea mama jikoni. Alikuwa akipika mlenda, na maziwa ya mgando yalikuwa kwenye kibuyu. Nikamwuliza kwa sauti ndogo kama amekubali. Akasema, "Baba yako aliniambia amepata mnunuzi. Hakuniuliza." Nikampa ile karatasi niliyoinakili. Mama alisoma mpaka darasa la saba. Aliisoma mara mbili kwa mwanga wa moto, akaikunja, akaifunga katika pindo la kanga yake, akaendelea kukoroga mlenda. Hakusema neno.

Kikao cha ukoo kilikuwa Jumapili. Walikuja wazee watatu, mjomba wangu, na yule mnunuzi pia alikuwepo, ameketi pembeni na begi lake. Baba alieleza mambo yake vizuri, wazee wakatikisa vichwa. Mmoja wao, karibu kama mtu atakaye kumaliza, akauliza, "Na mama watoto, hana neno?" Mama akapiga magoti mbele ya wazee. Akafungua pindo la kanga, akatoa karatasi. Akasema, "Wazee wangu, mimi namheshimu mume wangu, na ng'ombe ni wake. Lakini nyumba hii sijakubali iuzwe, na sheria imesema niulizwe."

Kukawa kimya. Mnunuzi akaondoka pale alipoketi, akasema kwamba yeye hanunui kesi. Baba akaitazama karatasi, akauliza, "Nani amekuandikia haya?"

Ningeweza kunyamaza. Lakini mwandiko ulikuwa wangu na baba anaujua. Nikasema, "Ni mimi, baba."

Siku mbili baba hakunisemesha. Alipita karibu nami kama apitavyo karibu na kigingi. Wasomaji, naweza kuwaambia kwamba adhabu zote za shule si kitu mbele ya hiyo. Nilikumbuka neno la mwalimu kuhusu panga. Mimi nalimpa mama lile panga, lakini sikwenda kwa baba kwanza kuzungumza naye. Yeye aliyapata maneno yale mbele ya mgeni na mbele ya wazee, naye ni mtu aliyenilipia sare na daftari kwa kuuza ndama. Mpaka leo naamini kwamba neno lilikuwa la haki. Ila njia niliyolipitishia haikuwa nzuri.

Siku ya tatu Bibi alichemsha michembe akaitia karanga, akamwita baba, akaniita na mimi, akatuwekea bakuli moja. Tukala bila kusema. Bakuli lilipokaribia kwisha baba akanisogezea kipande cha mwisho, akasema, "Lete ile karatasi, nisomee vizuri." Nikamsomea. Nilipofika mwisho nilimsomea na neno la mwalimu kuhusu panga. Akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu kikao.

Nyumba haikuuzwa. Lakini ukame haukuondolewa kwa karatasi, wala nyasi hazikuota kwa kifungu cha 59. Baba na kaka waliomba kibali cha kusafirisha mifugo, wakaenda Katavi na ng'ombe kumi na watano. Waliobaki wako hapa chini ya mama na wadogo zangu, na kipande cha shamba tumekifunga kiwe ngitili, yaani malisho ya akiba yasiyoguswa mpaka kiangazi. Baba hayupo nyumbani. Mama sasa hupanda pamba kwa kuajiri vibarua, na jioni baraza letu lina kiti kitupu. Siwezi kuwaficha kwamba nyumba tuliyoiokoa imekuwa pana kuliko ilivyokuwa.

Muhula huu nilipofika shuleni nalifungua mfuko wa Bibi chini ya mwembe nikawasimulia wenzangu yote. Jina la Mwenye Nyumba nimelikataa, nikawaambia mwenye nyumba ni Bibi. Mpangaji naye alikuwa na habari yake. Mama yake, kwa fedha za kikundi chao cha kuweka na kukopa, amenunua kiwanja kidogo nje ya mji, na alikuwa ameanza kufyatua matofali. Basi Jumamosi iliyofuata tuliomba ruhusa, tukaenda watatu kumchotea maji. Mtumishi, ambaye hakupata kugusa udongo wa tofali maisha yake yote, alifyatua matofali kumi na moja, na manne yalivunjika. Mama yake Mpangaji alikuwa ameleta jiko na sufuria hapo hapo kiwanjani, na adhuhuri akatupikia ugali na dagaa, ingawa hakuna ukuta wala mlango. Mtumishi akala, akasema, "Mkiniuliza kwetu ni wapi, nitasema nina matofali saba Bariadi."

Wazee wamesema nyumba njema si mlango. Mimi sikulijua neno hilo maana yake mpaka mwaka huu. Nawasihi wenzangu wanafunzi: ulizeni nyumbani kwenu nani alibeba maji ya matofali. Nawaomba na wazazi watakaosoma gazeti hili, wakitaka kuuza au kuhama, wawaulize wake zao kabla ya kumwita mnunuzi, na watoto wakiwa na neno wawasikilize faraghani. Nasi watoto tulipeleke neno hilo kwa baba mwenyewe, kabla ya kulipeleka penginepo.

Niliahidi kueleza alivyosema baba. Nilimsomea habari hii yote kwa simu ya mwalimu wa bweni, Jumapili jioni. Aliponyamaza nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Ni kweli yote. Ila umesahau jambo moja. Andika kwamba matobolwa niliyokuja nayo huku yamekwisha. Mwambie Bibi yako."

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu